Hamali, mgongo na mfupa ulioota pasipo pahali pake

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 41, mtu wa Kwale lakini amekaa Majengo, Mombasa, tangu ujana, kazi yake hamali, yaani ule mkokoteni unaopishana nao pale soko la Marikiti umejaa magunia ya viazi na makreti ya soda ndio riziki yake. Jina lake halina kazi hapa, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza asijulikane. Kilichonifanya nikiandike kisa chote ni kwamba kwa miaka 18 huyu mtu kaonana na watu wengi wa dawa, wa hosi na wa mitaani, na kila mmoja akishaskia kazi yake basi anaacha kusikiliza. Hamali, mgongo, si ndio hivo? Mzigo huo. Anadungwa sindano anaambiwa akapumzike.

Na kupumzika ndiko kulikokuwa kunammaliza.

Maumivu yalimwanza akiwa na miaka 23 hivi, na hayakuanza mgongoni kwenyewe, yalianza ndani ndani ya matako, wiki hii kulia, baadaye yamehamia kushoto, kisha yanarudi. Hakuanguka, hakuinua gunia akaskia kitu kimeteguka, yaliingia polepole mpaka mwenyewe hajui aseme yalianza lini. Usiku analala vizuri mpaka saa tisa saa kumi hivi, kisha mgongo unamuamsha, anatoka uwanjani anatembeatembea mpaka ulegee ndio arudi kitandani. Mkewe miaka ya mwanzo alikuwa na hakika kuna mtu anaongea naye kwa simu huko nje.

Asubuhi ndio balaa lenyewe. Alfajiri anaswali kwa kiti, hawezi rukuu seuze sijda, Adhuhuri yuko kwenye mkeka kama watu wote. Mie siku hizi nikiwa na mgonjwa Muislamu wa mgongo namuuliza swala zake kwanza kabla sijamuuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, manake hiyo ngapi kwa kumi watu wanakutajia tu namba ya kukuridhisha, lakini mtu anajua vizuri sana ni swala gani aliswali kwa kiti na ipi aliinama mwenyewe. Huyu kukakamaa kwake kwa asubuhi kulikuwa kunachukua saa mbili na zaidi. Na Idd ikifika, siku tatu nne hakuna mkokoteni, wenzake migongo inapona, yeye ndio anazidi kukakamaa.

Nikamuuliza, "Kaka, ukipumzika yanapungua ama yanazidi?"

"Yanazidi dakta. Lakini hilo sijaulizwa na mtu, nami nkiona haya kulisema, nani atakuamini ukimwambia kupumzika kunakuuma?"

(Mie si dakta, mie ni fizio, mtu wa tiba ya mazoezi ya viungo, lakini ukishavaa koti jeupe wote ni madakta.)

Sasa hapo tu kisa kilikuwa kishageuka. Mgongo ulioumia kwa mzigo unapenda kulala, unauma ukiinama na ukibeba. Mgongo wenye inflamesheni, yaani moto unaowashwa ndani na kinga ya mwili yenyewe, ni kinyume chake. Mabingwa wa magonjwa ya viungo wana alama tano za kutenganisha: umeanza kabla ya miaka 40, umeanza polepole, unapata nafuu ukijishughulisha, haupati nafuu ukipumzika, na unauma usiku kisha unalegea ukiinuka. Zikipatikana nne unaanza kushuku. Yeye alikuwa nazo zote tano, na hazihitaji mashine wala maabara, zinahitaji mtu aulize tu kisha anyamaze asikilize. Ya sita ambayo si rasmi kwenye hiyo orodha lakini inasaidia ni ile sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza inflamesheni, akidungwa leo anakaa siku mbili kama mtu mwengine kabisa, na huo sio mwenendo wa kila mgongo.

Kabla ya kufika hapo alikuwa ameshapitishwa kila njia. Ameambiwa ni figo. Ameambiwa ni yurik asidi akapewa vidonge vya gauti, ule ugonjwa wa asidi hiyo kujaa viungoni, miezi kadhaa. Ilipokuja chikungunya Mombasa mwisho wa 2017 na nusu ya mtaa ikawa haiwezi kushuka ngazi kwa viungo kuuma, akaambiwa basi na wewe ni hiyohiyo, ingawa yeye alikuwa anaumwa miaka na miaka kabla ya huyo mbu. Kapigwa hijama, kanywa habasoda na asali, kakandwa na mafuta ya kila aina. Sina ugomvi na hijama wala na habasoda, hazikumsaidia lakini hazikumvunja. Ugomvi wangu ni kwa wale wanaomshika mtu kichwa wakakizungusha ghafla mpaka shingo ilie, na yeye alikuwa amefanyiwa hivo zaidi ya mara moja, mtaona mbele kwa nini hapo nilishika kichwa changu mwenyewe.

Kitu chengine kilichopotea njiani ni jicho. Akiwa na miaka 29 jicho la kushoto liliiva likawa jekundu, linauma, mwanga hautazamiki, akaenda kliniki ya macho wakamtibu vizuri kabisa kwa matone, likapona. Miaka minne baadaye likarudi upande wa pili. Ile ni yuvaitisi, inflamesheni ya sehemu ya mbele ya ndani ya jicho, na kwa watu wenye ugonjwa huu wa mgongo inampata kama mmoja kwa kila watatu ama wanne hivi. Kliniki ya macho hawakumuuliza mgongo na kliniki ya mgongo hawakumuuliza jicho, na yeye mwenyewe angejuaje kwamba jicho na matako ni habari moja?

Tuje kwenye picha. Alikuwa amebeba bahasha mbili kwenye mfuko wa nailoni. Eksrei ya kwanza alipigwa na miaka 33, ya kiuno pekee, ripoti ikasema iko sawa. Ya pili na miaka 38, kiuno pekee tena, na ripoti ikasema kuna vijifupa vimeota, mgongo umechakaa kwa sababu ya kazi nzito. Basi hilo neno kuchakaa ndilo akawa anatembea nalo, kila mtu akimsomea analirudia.

Ukiiweka hiyo filamu ya pili kwenye mwanga ukaitazama bila kujua huyu ni hamali, unaona jambo tofauti. Mgongo uliochakaa unaota osteofaiti, ni vijifupa vinene vinavyotoka kando ya pingili kwa ubavu kwanza, vimekaa vya kuchongoka, na nafasi ya diski hapo huwa imepungua. Vya huyu vilikuwa vyembamba, vimesimama wima, vinatoka pembe ya pingili moja vinapanda moja kwa moja kuifuata ya juu yake kupitia ukingo wa nje wa diski, na diski zenyewe hazijapungua. Hivyo vinaitwa sindesmofaiti. Na pingili zenyewe uso wake wa mbele ambao kwa kawaida una mbonyeo kidogo, ulikuwa umenyooka, pingili zimekuwa kama za mraba. Tukaomba eksrei ya nyonga ambayo miaka yote hakuna aliyeiomba, na pale viungo vya sakroiliaki, yaani pale uti wa mgongo chini unapokutana na mifupa ya nyonga pande mbili, kulia na kushoto, havikuwepo tena. Sio vimeharibika, havipo, mfupa umeungana na mfupa. Kwa vigezo vya New York vya kuutambua ugonjwa huu, vilivyorekebishwa mwaka 1984, hapo hakuna tena mjadala, ni ankilosing spondilaitisi, tuuite AS ili tusichoke. Kichekesho kichungu ni kwamba filamu ya kiuno ya zamani kabisa, kwa chini pembeni, ilikuwa imeshika nusu ya kiungo kimoja cha sakroiliaki, na ukikitazama tayari kingo zake zimeliwa.

Mfupa unaotaje sasa pahali ambapo haupaswi? Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. AS haianzi kwenye mfupa wenyewe, inaanza pale ambapo kano na ligamenti zinashika mfupa. Kinga ya mwili inawasha moto pale, kemikali kama TNF na intalukini 17 zinamwagika, na mwanzoni mfupa unaliwa, sio kwamba unaongezeka. Ndio maana zile pembe za pingili zinapotea na pingili inakuwa ya mraba. Kisha ule moto ukipungua pale pahali, mwili unakuja kutengeneza, uroto wa mfupa hapo unageuka kuwa na mafuta mafuta, na ukarabati unapitiliza, unajenga mfupa mpya ndani ya nyuzi za ligamenti ambazo zilikuwa laini. Kidogo kidogo, kwa miaka, pingili na pingili zinapata daraja, na madaraja yakikamilika kutoka chini mpaka juu ndio kwenye picha unaona kile wanachoita mgongo wa mianzi.

Na wakati nje mfupa unaongezeka, ndani ya pingili mfupa unapungua. Inflamesheni inaula, na pingili iliyofungwa haipati tena ule mtikisiko wa kila siku unaoupa mfupa sababu ya kuwa na nguvu. Kwa hivyo mtu anakuwa na mgongo ambao kwa kuutazama ni mgumu, na kwa uhakika ni dhaifu. Hata kile kipimo cha uzito wa mfupa kikipigwa kwa mbele ya kiuno kinaweza kudanganya, kinahesabu yale madaraja ya nje kinasema mfupa mzuri.

Na ule mzigo je, hauna hatia kabisa? Hapa lazima niseme ukweli wote hata kama unaniharibia hoja. Mzigo haukuanzisha ugonjwa, kuna mahamali wangapi wa rika lake pale Marikiti migongo yao inauma na sijaona hata mmoja mwenye sakroiliaki zilizoungana. Lakini ukishakuwa na AS, msukosuko wa pale ligamenti inaposhika unaonekana kuchochea, kuna utafiti wa wagonjwa wa Ulaya waliofuatiliwa miaka mingi ambao ulionyesha kwamba kwa watu wa kazi za mikono, inflamesheni ileile inaleta mfupa mwingi zaidi kuliko kwa watu wa ofisini, na kwa wavutaji sigara hivohivo. Huyu alikuwa na vyote viwili. Kwa hivyo wale waliosema mzigo walikuwa wamegusa kitu, walikigusa tu kwa upande wa mwisho.

Tulichokiondoa kwanza: TB ya mgongo, manake huku kwetu ukiisahau hiyo utajuta, lakini TB inakula pingili mbili tatu na diski kati yake, mtu anakonda, ana homa, na haimalizi miaka 18 ikihama matako. Brusela ya maziwa mabichi ya ngamia na mbuzi, hii inaweza kabisa kuvamia sakroiliaki, lakini mara nyingi upande mmoja na kwa ghafla, na kipimo chake kilikuwa safi. Kuna ule ugonjwa wa Forestier, ambao pia mfupa unaota mbele ya mgongo, mwingi tena unatiririka pingili nne na zaidi, ila huo ni wa wazee na hasa wenye sukari na unene, na sakroiliaki unaziacha salama. Na floraidi nyingi kwenye maji inaweza kufanya mgongo uote mfupa, lakini hiyo utaikuta kwa mtu aliyekulia Bonde la Ufa, kule Nakuru na Naivasha, ama Arusha, na yeye maji yake maisha yote ni ya Kwale na Mombasa.

Damu ilileta mkorogano kidogo. CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni, ilikuwa juu, sawa. HLA-B27, ile jeni ya kurithi inayoambatana na AS, ikarudi hana, na daktari mmoja kijana akasema basi sio AS tutafute kengine. Hiyo ni kusoma kitabu cha watu wengine. Ulaya karibu wagonjwa tisa kwa kumi wa AS wana hiyo jeni, lakini Afrika kusini ya Sahara jeni yenyewe ni adimu kwa watu wote, na wagonjwa wengi wa AS wa huku hawana. Ukiwa nayo inasaidia kushuku, ukiikosa haikutoi, seuze picha imeshaonyesha viungo vimeungana.

Vipimo vyangu vya siku ile: alama ya sentimita 10 mgongoni chini, akiinama mbele inapaswa ifike 15 hivi, yake ilifika 11 na kidogo. Kifua akivuta pumzi kilitanuka sentimita 1.5. Kisogo na ukuta, akisimama kaegemea ukuta visigino vimegusa, kisogo kilibaki mbali sentimita 9, na hiyo ndio namba iliyonitia hofu, manake ina maana shingo pia imeshaingia.

Tukakubaliana mambo matatu ya haraka. Shingo yake isiguswe na mkandaji yeyote awe nani. Mkokoteni aushushe, na hapo tulibishana sana kwa sababu mwenye watoto wanne humwambii tu acha kazi, mwisho akakubali kuwa yeye ndiye anayepanga safari na kushika pesa, vijana wasukume. Na kila siku alale kifudifudi dakika 15 mpaka 20, kama mgongo utaungana basi uungane umenyooka, sio umepinda mbele anatazama vidole vya miguu. Mazoezi ya kutanua kifua, mto mwembamba kitandani, na bahari, manake bahari ipo na ni ya bure.

Miezi michache baadaye, mvua za Aprili, akateleza pale ngazi ya feri Likoni. Hakuanguka kwa kishindo, alikaa chini kwa matako tu, watu wakamcheka naye akacheka, akainuka akapanda feri akavuka. Usiku shingo ikaanza kuuma maumivu mapya, sio yale anayoyajua. Alienda hospitali moja ya karibu, akapigwa eksrei ya shingo, akaambiwa haina kitu, akapewa kola na dawa. Hapa namsifu mkewe, yeye ndiye alikumbuka nilivyowaambia kwamba maumivu mapya baada ya kuanguka hata kuanguka kidogo ni kuvunjika mpaka CT skani iseme sivyo. Akanipigia saa moja asubuhi.

CT skani ikaonyesha imevunjika moja kwa moja katikati ya pingili ya sita na ya saba za shingo, kupitia pale kwenye daraja la mfupa. Eksrei ya kawaida sehemu hiyo huwa inafichwa na mabega, na kwa mgongo ulioungana mstari wa kuvunjika ni mwembamba, unapotea kwenye fujo la mfupa mpya. Hatari yake ni kwamba mgongo wa kawaida ukivunjika pingili moja, majirani zake bado zinapinda zinapokea. Wa huyu umekuwa fimbo mbili ndefu zinazokutana pale tu, mtikisiko wowote wote unaenda hapo, na uti wenyewe wa neva uko katikati. Mkono wake ulikuwa na ganzi kidogo kwenye vidole viwili, basi, nguvu zote zipo. Mungu alimweka.

Kitu kimoja kuhusu kumbeba mtu kama huyu, nakiandika kwa wauguzi na vijana wa ambulansi: msimlaze bapa mkamnyoosha shingo. Kama shingo yake kabla ya ajali ilikuwa imeinama mbele, hiyo ndiyo kunyooka kwake, mnaiwekea mito hapohapo ilipo. Ukiilazimisha irudi nyuma ifuate ubao unaufungua mvunjiko na unaweza kumlemaza pale pale. Kola ya saizi moja kwa watu wote nayo ni hivohivo. Na daktari wa nusukaputi aambiwe mapema, shingo isiyorudi nyuma haiwekewi mpira wa kupumulia kwa mtindo wa kawaida, lazima ajiandae na kamera.

Alifanyiwa upasuaji, akafungwa skrubu na vyuma pingili kadhaa juu na chini ya pale, ganzi ya vidole ikaisha polepole. Sasa anatembea, anaswali kwa kiti swala zote, na ameacha sigara, kwa hasira zaidi kuliko kwa ushauri wangu.

Upande wa dawa, amewekwa kwenye naproksini kila siku, kundi moja na ile diklofenaki. Zile za methotreksati na salfasalazini ambazo watu wa viungo wanazijua hazisaidii uti wa mgongo, zinasaidia magoti na vifundo kama navyo vimeingia, na vidonge vya steroidi vya muda mrefu havina faida hapa, kwanza vinazidisha mfupa kuwa dhaifu. Kinachofuata ni sindano za kuzuia TNF kama adalimumabu, ama za kuzuia intalukini 17. Maumivu zinayakata kweli. Mfupa nao? Majaribio ya miaka miwili ya mwanzo yalionyesha mfupa unaendelea kuota hata maumivu yakiwa yameisha, nadhani mnaona kwa nini, ule ukarabati ulioshaanza hausimami kwa sababu moto umezimwa jana. Waliofuatiliwa zaidi ya miaka minne ndio wakaonekana mfupa umepunguza kasi. Kwa hivyo anayeanza mapema ana cha kuokoa, na mfupa ulioshaota hakuna dawa inayouyeyusha. Yeye bado hajaanza, kipimo cha TB iliyolala kilirudi anayo, na hizi dawa zinaweza kuiamsha, kwa hivyo yuko kwenye dawa za kuikinga kwanza, na huku familia inatafuta hela, manake bei yake sio ya hamali hata kidogo.

Ana mdogo wake wa miaka 26, anafanya kazi ya kuosha magari Tudor. Siku anamsindikiza kakake kliniki nikamuuliza bila kutarajia, akacheka akasema yeye pia anaamka saa tisa. Ugonjwa huu unatembea kwa familia hata kama hiyo jeni hamna. Eksrei ya nyonga yake haina kitu cha kusema, ila MRI ilionyesha maji kwenye uroto wa mfupa kando ya sakroiliaki zote mbili, inflamesheni ipo na mfupa haujaanza kuota. Ameanzishiwa dawa ya kundi la naproksini, wiki nne tunaangalia, isiposhika anabadilishiwa nyengine ya kundi hilohilo kabla ya kuzungumza sindano. Figo na presha zinapimwa pamoja, na jicho likiiva amejua aende wapi na aseme nini.